Msiba wa Majaribio

Kastori alizaliwa chini ya shitingi, turubai la kambi ya wakimbizi, huko Tanzania, na ukimsikia anavyoongea Kiswahili huhitaji kuambiwa. "Naomba kuuliza, kaka," ndivyo alivyokuwa akianza, na hapo hapo mtu wa Gitega anajua: huyu aliletwa na lori la wakimbizi. Tangu familia iliporudi Burundi, kilimani kwao Nyarusange, maana huku kijiji ni kilima, watu walimwita Mtanzania. Hakukataa. Kuna majina mabaya zaidi ya hilo, na mengine alikuwa nayo pia.

Kazi aliyoitafuta ilikuwa ya kutengeneza programu za kompyuta. Aliisomea chuoni miaka miwili, ikabaki nusu, maana ada iliisha kabla ya elimu. Nusu iliyobaki alijifundisha mwenyewe, kwenye chumba cha kupanga kule Yoba, mtaa wa Gitega, akiuvizia umeme kama paka anavyovizia panya: ukitokea tu, anaurukia.

Kampuni kubwa hakuzisumbua. Kampuni kubwa inataka karatasi yenye mhuri, na yake ilikuwa karatasi ya nusu njia. Akasema, basi nitakwenda kwa wadogo wenzangu. Kampuni ndogo haina ofisi ya kuajiri. Ina mwenye mali, ana kiti chake, anakaa humo humo. Unaingia, unasalimia, unamwonyesha unachokijua. Wazo lilikuwa zuri. Ubaya wa wazo zuri ni kwamba linahitaji na mwenzako alione.

Duka moja la mjini Gitega liliandika mlangoni kwamba linatafuta mtaalamu wa kompyuta. Kufika, kumbe mtaalamu ni wa kutoa fotokopi za vitambulisho, na asiwe mtu wa kutoka jasho mikononi. Shule moja ya binafsi upande wa Gishubi ilimsikiliza mpaka mwisho, mkurugenzi akitikisa kichwa kwa furaha, halafu akauliza kama anaweza pia kufundisha mpira na kuangalia jenereta. Kampuni nyingine ilikuwa na watu watatu, wote mabosi. Walichokosa ni mtu wa kuamrishwa, ila kila mmoja alitaka amwamrishe peke yake.

Na hakuna hata mmoja aliyemwambia hapana. Sisi Warundi hapana haitutoki mdomoni. Tunasema utapita, tutaonana, acha wiki iishe. Mtoto wa kambi, aliyezoea kuambiwa hapana kwa kipaza sauti mbele ya mstari mzima wa watu, akapita, akaonana, akaacha wiki iishe.

Kule Nyarusange, kila Jumapili baada ya misa, baba yake, mzee Thomas, aliulizwa mwanawe anafanya nini mjini. Kila Jumapili alijibu: anaandika. Mtu akiuliza anaandika nini, mzee anakohoa. Kikohozi chake kilikuwa cha kweli, lakini alijua kukitumia.

Habari ya Muyinga ililetwa na dereva wa lori la viti. Alisema kuna mfanyabiashara kule, Radjabu, anakodisha mahema, viti vya plastiki, sufuria kubwa na maspika kwa wenye harusi na wenye misiba. Sasa anataka programu. Familia ikipata jambo, ilete majina na namba za watu wake, na ujumbe uende kwa wote mara moja: nani ameoa au nani amekufa, ni wapi, ni lini. Chini ya ujumbe, jina la kampuni ya mahema. Kastori akauza godoro lake, akapanda gari la Karuzi kuelekea Muyinga.

Radjabu alikuwa mtu mnene, mwenye kofia ya kufumwa na sauti ya chini. Alimsikiliza kwa muda mfupi sana.

"We kijana, mi sitaki maneno mingi," alisema. "Unitengenezee, nione. Ikitembea, kazi iko yako. Isipotembea, unarudi kwenu Gitega na tunabaki ndugu. Donc, anza."

Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano. Kastori akapewa meza kwenye ghala na ruhusa ya kulala juu ya mahema yaliyokunjwa. Alizaliwa chini ya shitingi. Sasa amepanda cheo, analala juu yake.

Mwenye funguo za ghala alikuwa Salama, binti wa dada yake Radjabu, aliyepokea wateja na kuhesabu viti vinavyotoka na vinavyorudi. Ulimi wake ulikuwa na makali ya kukata kamba za hema. Alimuuliza Kastori kama kweli mtu mzima anaweza kulipwa kwa kukaa akitazama kioo, akaongeza kwamba kama ni hivyo, yeye anawadai mishahara ya miaka.

Programu ikaanza kusimama. Ikabaki kuijaribu, na hapo pana ugumu ambao vitabu vya wazungu havikuutaja. Ili kujaribu tangazo la kifo, unahitaji marehemu. Ukibuni jina la mzee, kesho mwenye jina anapita mlangoni anauliza bei ya viti. Kastori akamwomba Salama jina la mtu yeyote wa makamo. Salama akamtazama kama aliyeombwa jino.

"Weka wa kwenu," alisema.

Akamwendea Radjabu, akajibiwa kwamba wazazi wake walishakufa kweli, na waachwe walale. Basi Kastori akaandika jina la baba yake, Thomas, wa Nyarusange, na lake mwenyewe kama mleta habari. Mzazi wa mwenzako humuui hata kwa majaribio. Wako, angalau mtazungumza.

Namba nazo zilitakiwa ziwe za kweli, maana programu ilikuwa ikizikagua. Za kweli alizokuwa nazo kwa wingi ni za kilimani: majirani, ndugu, wenzao wa kambini, namba alizokusanya ili siku baba akizidiwa apate wa kumpigia. Akaziingiza zote.

Alijua anachofanya, au ndivyo alivyoamini. Laini ya simu iliyochomekwa kwenye mashine haikuwa na salio hata la ujumbe mmoja. Akibonyeza kutuma, ujumbe ulijipanga mstari, na mbele ya kila jina neno likatokea: inangoja. Anautazama mstari ule, anafurahi, anaufuta, anarekebisha, anabonyeza tena. Ulinzi mzima wa programu ile ulikuwa umaskini, na umaskini ni mlinzi ambaye hajawahi kumwangusha. Kwa mtu aliyelelewa hivyo, kufikiri kwamba kuna siku salio litajiingia lenyewe ni sawa na kufikiri mvua itanyesha maharage.

Ijumaa moja jioni alibonyeza, akaona mstari umejipanga vizuri, na kabla hajaufuta umeme ukakatika. Akaenda kula.

Asubuhi umeme ulirudi, mashine ikajiwasha. Radjabu, akitoka msikitini, alipita ghalani, akaona vijana wake wanapakia viti na yule Mtanzania bado amelala juu ya hema la bluu. Akamhurumia. Akanunua salio, akaliingiza kwenye ile laini, akaenda zake bila kumwamsha. Ilikuwa zawadi. Programu nayo ilikuwa imetengenezwa vizuri, na hilo ndilo lililokuwa tatizo: ikiwashwa tena, inakumbuka ilichokuwa haijamaliza. Ikamaliza.

Kastori aliamshwa na simu ya dada yake, Adventina, aliyekuwa akikaa na mzee.

"Kaka, baba amekufa?"

"Kwani hauko naye?"

"Niko naye. Yuko hapa anamenya viazi. Lakini watu wamejaa uani, wanasema umesema amekufa."

Yaliyotokea Nyarusange alisimuliwa kidogo kidogo, na hakuna kipande kilichokuwa chepesi. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshuka usiku uliopita, mvua ambayo kilima kizima kiliingoja ili kupanda maharage. Watu walikuwa tayari shambani. Ujumbe ukaingia, majembe yakawekwa chini, maana mtu akifa kilimani hakuna anayegusa udongo kabla yeye hajawekwa humo. Wanawake wakaja na kuni na maji, wanaume na pombe ya ndizi. Wakaingia uani wakilia, na marehemu akainua macho kutoka kwenye viazi vyake, akawakaribisha.

Aliyelia kwa sauti kuliko wote alikuwa Josephat. Huyu ndiye aliyelima shamba la mzee Thomas miaka yote familia ilipokuwa ukimbizini. Waliporudi, mpaka ukapimwa upya, Josephat akarudisha kipande na moyo wake akabaki nao. Tangu siku ile hakukanyaga ua wa Thomas. Asubuhi hiyo alikuja na bidoni, dumu la pombe, begani, machozi yakimdondoka kwenye shati, akafika mbele ya mzee, akasimama. Bidoni ikabaki begani. Hakujua aitue au akimbie nayo.

Lakini pombe ya msiba hairudi nyumbani kwa mwenyewe. Mtu akirudi nayo, anarudi na kifo. Ikabidi inywewe. Wakakaa, wakanywa, marehemu akanywa nao. Wengine walicheka, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele za watu. Jua likapanda, udongo ukakauka, wakaondoka mmoja mmoja.

Mzee Thomas akampigia mwanawe. Kastori alikuwa amejiandaa kwa laana. Sauti ya mzee ilikuwa na pombe ndani yake, na kitu kingine.

"Umenionyesha watu wangu, mwanangu," alisema. "Hata Josephat kanililia. Sasa njoo na pombe yako, ukae nao chini, uombe radhi. Njoo upesi, kabla hawajaanza kufikiri."

Ndiyo dawa, na kila mtoto wa kilimani anaijua. Ukikosea watu, unakwenda na pombe, mnakaa, unasema kosa lako kwa mdomo wako, wanakutukana kidogo, wanakunywa sana, yanaisha. Usipokwenda, hayaishi.

Kastori akakunja nguo zake, akamfuata Radjabu kumweleza, akijua ni safari ya Gitega. Akaeleza yote.

"Wote walikuja?" Radjabu aliuliza.

"Wote, mzee."

"Na majembe wakaweka chini? Na mvua imenyesha?"

"Ndiyo."

Radjabu akavua kofia, akajikuna, akaivaa tena. "Bon," alisema. "Iko inatembea."

Hivyo ndivyo Kastori alivyopata kazi ya kutengeneza programu kwenye kampuni ndogo. Na alifurahi. Aliona aibu ya kufurahi, lakini alifurahi. Ukishaambiwa "utapita" na "tutaonana" na nusu ya mji, neno "kesho uje mapema" linaingia mwilini kama uji wa moto.

Kwanza aliamriwa kuweka kufuli: jina lililokwisha kutangazwa pamoja na kilima chake lisitangazwe tena, hata mtu abonyeze mpaka kidole kiote sugu. Aliliweka. Radjabu alilipenda kufuli lile kuliko vyote.

Kampuni ndogo ni hivi: asubuhi unatengeneza programu, mchana unabeba viti, jioni unatafuta waya wa spika ulioliwa na panya. Jumamosi ndiyo siku ya kuzika na ndiyo siku ya kuoa. Muyinga nzima inataka mahema. Jumapili ni kuyakusanya. Kastori alimwambia baba yake atakwenda Jumamosi. Halafu Jumamosi nyingine. Halafu mafuta yakakosekana, magari ya Karuzi yakalala, na lori la Radjabu likipata mafuta ya kichochoroni ni ya kupeleka viti, si ya kupeleka watu kuomba radhi. Siku moja alijaribu kuomba ruhusa. Radjabu hakumwambia hapana. Alimwambia acha wiki iishe.

Wateja walipokuja, Radjabu alikuwa na hadithi ya kuwauzia. Huyu kijana, alikuwa akisema akimshika Kastori bega, ujumbe wake mmoja ulikusanya kilima kizima siku ya kupanda, na mwenyewe hata hajafa. Sasa fikirieni wa kwenu, ambaye amekufa kweli. Wateja walicheka hata wakiwa na machozi. Kastori naye alicheka. Salama peke yake hakuwa akicheka. Siku moja alimuuliza mbele za watu kama baba yake anajua kwamba amekuwa bango la duka.

Kilimani watu walikuwa wamefika nyumbani na kufikiri. Mvua ile ya kwanza ilikatika kwa muda mrefu, maharage yaliyochelewa yakaota vibaya, na kila aliyetazama shamba lake aliukumbuka ule ujumbe. Adventina alisimulia kwamba sasa inasemwa Thomas na mwanawe walipanga waone nani ataleta nini. Josephat alikuwa akisema alitegwa kama fuko. Mzee mwenyewe simuni alizidi kukohoa na kupungua maneno.

"Wananisalimia," alisema mara ya mwisho, "lakini kama mtu waliyekwisha kumzika. Utakuja?"

"Jumamosi, baba."

Alikufa katikati ya wiki, mvua za pili zilipoanza.

"Kaka," Adventina alisema kwenye simu, bila kulia. "Sasa ni kweli."

Kastori alikwenda moja kwa moja kwenye mashine. Vidole vilijua njia. Akaandika jina la baba yake, akaandika Nyarusange, akabonyeza. Kioo kikamjibu kwa maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe: huyu alishatangazwa.

Akabonyeza tena, ingawa ndiye aliyejua kuliko mtu yeyote duniani kwamba haisaidii. Salama alikuwa amesimama nyuma yake na funguo mkononi. Alisoma, akavuta kiti, akaketi karibu naye. Kastori akaifungua programu, akatafuta mahali alipoliweka kufuli, akalifuta mstari kwa mstari, akamtangaza baba yake.

Majibu yalikuwa machache. Mmoja alituma vikatuni vya kucheka. Mwingine aliandika: mara hii tunapanda. Waliobaki walinyamaza.

Radjabu, tusimnyime haki yake, hakuwa mtu mbaya. Alitoa hema kubwa kuliko yote, lile la maharusi wa wafanyabiashara, na viti vyeupe lori zima, na mafuta akayatafuta mwenyewe.

"Mzee wako alinitangazia kazi bila kuniomba kitu," alisema. "Nenda umzike vizuri."

Hema likasimama uani Nyarusange, kubwa kuliko nyumba, viti vimepangwa safu kwa safu. Katekista alikuja. Familia chache za waliorudi kutoka kambi ile ile zilikuja, wakakaa safu ya mbele wakiwa wamebanana, kama waliozoea nafasi ndogo. Nyuma yao weupe mtupu. Na katika kimya cha sala ilisikika, kutoka mteremko wa upande wa pili, sauti ya jembe.

Kastori alivuka bonde akaenda. Josephat alikuwa shambani kwake, mgongo umeinama. Wakasalimiana kwa Kirundi, Kastori na Kirundi chake cha kambini, kinachochechemea.

"Baba ametuacha," Kastori alisema.

"Najua." Josephat aliegemea mpini. "Nilimlilia. Sauti ilinikauka kwa ajili yake, na pombe yangu mliinywa, naye akanywa. Mimi zamu yangu nilitoa. Mtu mmoja haliliwi mara mbili." Akatazama lile hema kubwa ng'ambo. "Kama ungekuja kukaa nasi wakati ule, ningekuwa nimekasirika yakaisha. Ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Basi rudi kazini," Josephat alisema, kwa upole kabisa, akainua jembe.

Wa kubeba jeneza hawakutosha. Wakaitwa dereva na wapakiaji wa Radjabu, wakalibeba mabegani, wao waliozoea viti, watu ambao hawakuwahi kusikia hata kikohozi cha mzee yule. Walilibeba vizuri, kwa hatua sawa. Ilikuwa kazi yao.

Baada ya kaburi, Adventina alikaa kwenye safu ya mwisho, peke yake, mikono magotini.

"Ule msiba wa kwanza ulikuwa mzuri zaidi," alisema. "Na baba alikuwepo."

Dereva alikuwa tayari amewasha lori. Keshokutwa palikuwa na harusi Muyinga, na viti hivyo hivyo ndivyo vilivyosubiriwa. Sheria ya Salama ni kwamba kila kiti kifutwe kabla hakijapakiwa. Kastori akachukua kitambaa, akaingia chini ya hema, akaanza kuvipanga kimoja juu ya kingine, safu baada ya safu. Vingi havikuwa na cha kufuta.